Okestra ya taifa katika nchi ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa muziki hapa Bagamoyo. Wanafunzi wangu huniuliza nchi yenye watu wachache huwezaje kuwa na okestra ya taifa na kuidumisha. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu Mwalimu, itazame Aisilandi, ambayo mpaka leo haijafikisha watu 400,000, lakini okestra yake ya taifa ipo tangu mwaka 1950. Haikuanzia jukwaani. Chuo cha muziki cha Reykjavik, mji mkuu wa nchi hiyo, kilifunguliwa mwaka 1930, mwaka uleule redio ya taifa ilipoanza matangazo, na kwa miaka ishirini chuo kikawa kinaandaa wapigaji, huku redio ikiwapa kazi na wasikilizaji. Pengo lililobaki lilizibwa na wanamuziki wageni, ambao wengi wao walifundisha pia. Ukumbi wa Harpa, ambao ndio makao ya okestra hiyo sasa, ulifunguliwa mwaka 2011 tu. Kwa maoni yetu mpangilio huo ulikuwa sahihi, kwani mshahara wa mpigaji ni wa lazima kuliko jengo.

Luxembourg nako okestra ilizaliwa redioni, mwaka 1933, na serikali ikaichukua mwaka 1996 baada ya kituo hicho kuacha kuigharimia. Tiketi pekee hazitoshi kulipa wapigaji wa okestra nzima, hivyo ruzuku ya kila mwaka ndiyo uti wa mgongo.

Kwenu Bagamoyo, chuo cha sanaa kipo tangu 1981. Kinachokosekana ni ajira ya kudumu kwa wahitimu.