Kabla hujamwambia mtu kwamba barua yake haipo

Wiki hii vijana wawili walioko fildi ofisini kwetu, hapa Posta, walikuja kunionyesha walichoongeza kwenye Mutt, programu ya kusomea barua pepe. Unabonyeza kitufe, unaandika neno, skripti inapiga grep, yaani inatafuta neno hilo mstari kwa mstari, kwenye Maildir nzima, folda ambamo kila barua ni faili moja. Nikawauliza: mmejaribu neno lililo ndani ya barua iliyotumwa kwa simu? Wakatazamana. Wadogo zangu, hapo ndipo nilipoangukia mimi, na nimechoka kuona kila kundi jipya likiangukia palepale.

1. Usitafute kwenye barua mbichi.

Nilikuwa natunza barua pepe za wakala mmoja wa forodha karibu na bandari. Nikawaandikia utafutaji kwa Python na jedwali moja la SQLite FTS5 (hifadhidata yenye utafutaji wa maneno), kila faili ikiingia kama ilivyo. Niliujaribu kwa barua zangu mwenyewe, zote matini tupu. Majibu yalikuja papo hapo, nikaukabidhi.

Jumatatu moja mzee wa nyaraka akaja na namba ya kontena kwenye kikaratasi. "Kijana, nitafutie hii. Mteja anasema alishatuma maelekezo." Nikaandika namba, nikabonyeza, hakuna. Nikarudia, hakuna. Nikamwambia, "Mzee, haijafika." Akaniamini. Akampigia mteja palepale, akamwambia hajatuma kitu. Kontena likabaki bandarini, siku za bure zikaisha, tozo zikaanza kuhesabika.

Alhamisi mteja akaingia na simu mkononi. Barua ipo, tarehe ipo, anwani yetu imeandikwa sawasawa. Nikaifungua faili ya barua hiyo kwa less, programu ya kutazama faili kama ilivyo. Vichwa vyote vinasomeka, kisha mstari wa Content-Transfer-Encoding: base64, yaani maudhui yamesimbwa kwa ajili ya safari, na chini yake ukuta wa herufi zisizo na neno hata moja. Namba ya kontena ilikuwa humo humo, imefungwa. Nikafungua nyingine, hii ya quoted-printable, usimbaji mwingine: mistari inakatwa isizidi herufi 76, hivyo "malipo" lilikuwa "mali=" mwisho wa mstari, "po" mwanzo wa unaofuata. Miezi yote ile nilikuwa nawaambia watu "hakuna" bila kujua.

Mzee hakunigombeza. Alisimama, akamwomba mteja radhi yeye, kwa kosa langu, nami nipo pembeni. Mpaka leo linaniuma.

Basi simbueni MIME kwanza, yaani muundo huo unaofunga maudhui ya barua, ndipo mjenge faharasa. Moduli ya email ya Python inatosha. Au tumieni notmuch, programu ya kutafuta barua iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009 juu ya Xapian, maktaba ya utafutaji. Kazi hiyo inaifanya yenyewe.

2. Jina la faili si utambulisho wa barua. Ukiisoma, inahama folda ya new kwenda cur na mkia wa jina lake unakuwa :2,S, alama ya kwamba imesomwa. Shikeni Message-ID, utambulisho ulio kwenye vichwa vya barua yenyewe.

3. notmuch haileti barua. Wekeni mbsync, programu ya kuvuta barua kutoka kwenye seva, kwenye skripti ya pre-new inayoendeshwa kwanza, ndipo notmuch new isome vilivyofika.

4. Ndani ya PDF haisomi. Tafuteni jina la kiambatisho kwa attachment:.

5. Maneno ya Kiswahili hayakatwi mkia kama ya Kiingereza. notmuch hupunguza maneno kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo ukitafuta invoice unapata na invoices. Sisi mzizi umejificha katikati: nimelipa, tutalipwa, malipo. Nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, inakaa mwishoni mwa neno, hivyo lip* haiwezi kufika kwenye nimelipa. Hili alinifundisha dada wa uhasibu, ambaye hajawahi kuandika skripti maishani. Alikuwa amebandika karatasi pembeni ya skrini yake, kwa kalamu nyekundu: malipo, nimelipa, tumelipa, tumelipia, ankara, invoisi. Akikosa la kwanza, anashuka la pili. Nikamwomba karatasi ile, nikaigeuza faili; sasa ukiandika lipa, skripti inaunganisha yote kwa or kabla ya kuipa notmuch. Kila mwezi ananiongezea neno.

Nyinyi wawili, kesho saa tatu asubuhi njooni na barua tano: moja ya base64, moja ya quoted-printable, moja ya HTML peke yake, moja yenye kichwa kinachoanza na =?UTF-8?B? (kichwa kilichosimbwa), na moja ambayo imeshasomwa. Zikipatikana zote, tutapanda juu kumwekea dada wa uhasibu utafutaji wenu.