Karatasi ziko wapi? Majibu kwa wasomaji wa Tanga

Mume wangu hataki kusikia habari za wosia. Anasema ni uchuro. (Mama wa watoto wanne, Ngamiani)

Dada yangu, wosia uweke kando kwanza, mwombe daftari tu. Andikeni namba za NIDA (vitambulisho vya taifa), benki na tawi, namba ya uanachama wa mfuko wa pensheni, NSSF au PSSSF, kikoba chenu, kiwanja kilipo na hati yake anayo nani. Kisha madeni, mnayodaiwa na mnayodai. Hapo hajatajwa mtu kufa. Na kama ni Mwislamu, mkumbushe kwa upole kuwa Mtume (s.a.w.) amesema haifai mwenye cha kuusia alale siku mbili bila wosia wake kuandikwa. Uchuro uko wapi?

Nyumba yetu ya Makorora bado ina jina la babu, aliyefariki zamani. Sasa baba ni mgonjwa. Tuanzie wapi?

Kwa babu. Baba yenu hawezi kuwarithisha nyumba ambayo kwenye karatasi bado si yake. Tafuteni cheti cha kifo cha babu. Kama hakuna, ombeni RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari wenye sahihi, mpendekezeni msimamizi, kisha mwende mahakama ya mwanzo, ambayo husikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila. Huyo msimamizi si mrithi mkuu, hata kama atatembea kama mwenye nyumba. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, na ndani ya miezi minne tangu ateuliwe apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni.

Lakini kabla ya yote hayo, kaeni na baba yenu leo. Awatajie watoto wote wa babu, pamoja na wale waliohamia Pemba au Mombasa ambao ninyi hamjawahi kuwaona. Muulizeni nani walishuhudia kiwanja kikinunuliwa. Halafu linganisheni majina. Kwenye hati ni Mwanaasha, kwenye NIDA ni Asha, kwenye cheti cha ndoa ni Asha binti Fulani. Mwenyewe akiwa hai, kiapo kwa wakili kinamaliza. Akishaondoka, mtaanza kutafuta wazee wa kuthibitisha kuwa wote hao ni mtu mmoja.

Binti yangu ndiye anayeniuguza. Nimemwandikia nyumba kwenye wosia, na ndugu zake hawajui. (Bibi, Chumbageni)

Shikamoo bibi. Kwa sheria ya Kiislamu, mrithi hausiwi. Ameshapewa fungu lake. Theluthi moja unayoruhusiwa kuusia ni ya wasiorithi, na nyumba itasimama kwa binti iwapo tu warithi wenzake wataridhia baada yako. Njia iliyo wazi ni hiba: umpe ungali hai na mwenye afya, umkabidhi kweli, mbele ya mashahidi, na hati ibadilishwe jina. Usingoje ugonjwa mzito, maana hiba ya maradhi ya mauti huhukumiwa kama wosia. Na waambie hao ndugu zake. Siri hii itaanza kesi kabla ya arobaini.

Niandike PIN ya simu kwenye daftari?

Hapana. Andika namba ya simu na mtandao. Fedha zitadaiwa na msimamizi akiwa na barua ya mahakama. Anayetoa hela za marehemu kwa PIN anajichimbia kesi, hata kama ni za sanda. Za sanda ziwekwe pembeni mapema, kwa jina la aliye hai.

Wosia wa mdomo unakubalika? (Pangani)

Kimila, ndiyo, mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wa ukoo na wasio wa ukoo. Ila wosia wa mdomo haufuti ulioandikwa. Ukibadili mawazo, andika upya na utie tarehe.

Nihifadhi wapi?

Wosia unaweza kuukabidhi RITA. Hati na vyeti vitie kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevunyevu wa Tanga na mchwa havisomi lakini vinakula. Wawili wajue zilipo, na mmoja wao asiwe wa nyumbani humo.