Re: Plasta inabambuka kila masika, nyumba ya zamani Mji Mkongwe

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema ukuta wa chini unabambuka kila masika na simenti ushapiga mara mbili, basi hiyo simenti ndo tatizo, zile kuta ni mawe na chokaa, zinanyonya maji na zinataka kupumua, ukizifunga, unyevu unaisukuma plasta yote. Ila kwanza panda juu uangalie bati na mfereji, kwangu majani yaliziba tu na maji yote yakashukia ukutani. Halafu nikabandua simenti Disemba, nikaacha upepo wa kaskazi ukaushe, fundi akapiga chokaa na mchanga, juu chokaa tena, rangi ya mafuta usiipake kabisa. Na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vigonge usikie, kilicholika ndani kishughulikie mapema, usingoje mvua za Machi, tafadhali.