Mwanangu, umeniuliza kama nitakuimbia

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo. Dada yako na wanawe ni wazima, na mimi mama yako naendelea vizuri, alhamdulillah. Ule mnazi ulioupanda kabla hujaenda Maskati umeanza kuzaa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi. Ulisema: "Mama, Mfungo Mosi inshallah naoa. Utaniimbia? Mbona mwaka mzima sijakusikia hata ukivumisha wimbo kwenye simu?" Mwisho ukacheka kidogo. Mimi ndiye niliyekuzaa, kicheko chako cha wasiwasi nakijua. Nilitaka kukujibu papo hapo, nikabonyeza pale pa kurekodi, nikaachia. Nikabonyeza tena, nikaachia. Ndipo nikamwomba dada yako daftari na kalamu.

Nianze na nililokuficha. Rovu langu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, halikuanza mwaka huu. Lilianza miaka mitatu nyuma, kama punje ya kunde chini ya koo, nami nikawa nalifunika kwa mtandio. Ulipokuja likizo ukanisifu kwa mitandio mizuri, na nikakuacha usifu. Punje ikawa limau. Nikilala chali napumua kwa tabu, nikipanda juu kwenye kiitikio sauti inakatika. Zahanati moja walinipa dawa za koo kwa miezi, nami nikazimeza kwa furaha, maana dawa za koo hazimpeleki mtu chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna waliopasuliwa rovu wakaamka bila sauti. Hilo ndilo nililoliogopa, kuliko kisu chenyewe.

Wewe sauti yangu unaijua ya kukubembelezea. Mimi naijua kama mkulima anavyolijua jembe lake. Alipofariki babako, Mungu amrehemu, ada yako ya sekondari niliilipa kwa tunzo za harusini. Nikirudi usiku nazikunjua zile noti moja moja kwenye mkeka, zina jasho na marashi, nazinyoosha kwa kiganja na kuzitia kwenye kopo la maziwa. Asubuhi unakwenda shule nazo. Sasa niambie, mtu kama huyo anaanzaje kwenda kujipeleka akatwe shingo?

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2024 dada yako alinikuta nimekaa kitandani usiku wa manane natafuta pumzi. Hakunisikiliza tena. Nikapigwa picha ya ultrasaundi, nikatolewa sampuli kwa sindano, nikapelekwa kwa daktari bingwa Dar es Salaam. Nikamwambia yule mama daktari, mimi mtu wa pwani, samaki nimekula maisha yangu yote, na chumvi nyumbani kwangu ni ile yenye madini joto. Rovu si la watu wa milimani? Akanieleza kwamba ukosefu wa madini joto ni sababu moja, lakini tezi inaweza kuota vinundu kwa sababu nyingine, na mimi vyangu vilikuwa vingi na vinabana koromeo. Akageuza fomu, akachora nyuma yake kipepeo aliyekaa juu ya bomba la pumzi. Nyuma ya kila bawa akapitisha mstari mwembamba. Hii ndiyo mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti, akasema, nitaitafuta kwanza kwa macho yangu ndipo nikate. Nikamwambia mimi ni mwimbaji. Akaweka kalamu chini. Akasema kuna kijishipa kingine kidogo kwa juu, hicho ndicho cha sauti za kupanda, na hicho hawezi kuniapia. Nilimpenda kwa kuniambia hivyo.

Nilimwomba nifunge Ramadhani kwanza, tukakubaliana baada ya Idi. Nilipopanda basi na dada yako kwenda Dar, tulipofika Muheza wachuuzi wakaja madirishani na machungwa, nikanunua. Niliyala yote njiani. Nilikuwa najiambia huenda ndiyo mara ya mwisho kumeza kitu bila maumivu, na kila kipande nilikitafuna taratibu kama mtu anayesali.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, muuguzi akaniambia, mama, taja jina lako. Nikalitaja. Ikatoka pumzi tupu, kama mtu anayepuliza kaa la moto. Akaniambia tena, ikatoka vilevile. Midomo ilikuwa na ganzi na vidole vinachoma, wakasema kalsiamu imeshuka, wakanipa ya kumeza. Maji nikinywa yananipalia, mpaka nikafundishwa kuinamisha kidevu na kunywa kidogo kidogo. Daktari akaja akasema mshipa mmoja umevutika lakini haujakatika, nisubiri, mingine huchukua miezi sita, mingine mwaka. Majibu ya maabara yalipotoka hayakuwa na saratani. Dada yako alilia. Mimi nilitaka kusema alhamdulillah kwa sauti, nikaisema kwa midomo.

Siku zile ndizo ulizokuwa unapiga simu na dada yako anakwambia mama amelala. Nisamehe. Nilikuwa macho.

Tulipanga nikapumzike Unguja kwa mama yako mdogo. Mara kikaja kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa mwezi wa tano, boti zikasimamishwa, tukakaa Dar tukisikiliza mvua na upepo. Bahari ilipotulia tukavuka. Na huko Unguja, mwanangu, ndiko mwaka wangu ulikogeuka.

Mama yako mdogo anaishi Kikwajuni. Kila alfajiri nilikuwa nakunywa kidonge cha tezi kabla ya chai, nangoja nusu saa, halafu nachukua glasi ya maji na mrija. Ndivyo nilivyoelekezwa: navumisha ndani ya mrija mpaka maji yatoe mapovu, taratibu, chini kwenda juu, juu kurudi chini. Watoto wa jirani wakaja kutazama. Mdogo wao akaleta mrija wake, tukawa tunavumisha wawili. Wiki ya tatu mapovu yangu yakawa na sauti ndani yake.

Jirani yao ni mzee mpiga udi, alikuwa akipiga harusini tangu ujana wake. Jioni hutoa kiti barazani. Sisi wa Tanga tumelelewa na magitaa ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu ya watu wachache, nyepesi, inakwenda mbio. Kule Unguja wametoka kwenye kikundi cha Ikhwani Safaa cha mwaka 1905, fidla nyingi na ganuni, watu hawana haraka. Nilikuwa namsikiliza kutoka dirishani, siku moja nikashuka nikakaa kwenye baraza. Akapiga utangulizi wa wimbo ninaoujua tangu usichana. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, na nilipofika mahali pa kupanda, hapakuwa na kitu. Upepo. Nikainuka niondoke.

Hakuniambia neno. Hakusema pole wala kaa. Akasimamisha ukucha wa kupigia, akateremsha mkono wa kushoto, akaanza tena ule ule utangulizi, chini zaidi. Akaurudia mara mbili akiningoja. Nikaingia. Nilipoishiwa pumzi katikati ya mshororo, akajaza yeye kwa udi, nilipoipata akaniachia nafasi. Tulifika mwisho wa ubeti wa kwanza. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, sikuitambua. Mama yako mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Nikamkumbuka Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Nilimwona jukwaani akiwa kizee, umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, na sauti yake kavu, imekwaruza, na watu wamenyamaza. Alipofariki Aprili 2013 nilimlilia kama mtu wa nyumbani. Miaka yote ile nilimsifu kwa sauti hiyohiyo, na yangu ilipokuwa hivyo nikataka kuificha chini ya mtandio kama nilivyolificha rovu.

Nilirudi Tanga mwezi wa nane. Mengine ya katikati hayana uzito, kliniki na vipimo vya damu tu, dozi ikapandishwa mara moja.

Mwezi wa kumi na moja tukaenda Mombasa kukupelekea posa. Pale Horohoro tulikaa sana, jua kali, wajomba zako wana makanzu yao mapya yasichafuke, mimi nimeshika sinia na bahasha. Wakwe zako ni watu wazuri, hilo nilikwambia kwenye simu. Ambalo sikukwambia ni hili. Tulipomaliza kula, mama yake binti akasema, tumesikia mkwe wetu ni mwimbaji, tupe japo ubeti mmoja. Wanawake wote wakageuka. Nikasingizia mafua. Nikakohoa, nikaweka leso mdomoni. Na mchumba wako, yule mtoto, akainuka akaniletea maji ya tangawizi yenye asali kwa mikono miwili.

Njia nzima ya kurudi ile tangawizi ilikuwa kooni kwangu. Nilidanganya katika nyumba inayonipa mtoto wao. Na nikaelewa kwa nini sikuwahi kukuvumishia wimbo kwenye simu: nilikuwa naingoja sauti ya zamani irudi ndipo nikupigie nayo, useme, mama, umepona. Daktari ameniambia waziwazi mwezi huu kwamba sauti za chini zimetulia, za juu nisizitegemee. Nimepona, mwanangu. Aliyepona ndiye huyu.

Basi jibu lako. Nitakuimbia, usiku wa hina, wimbo mmoja tu, ule uliokuwa ukiusinzilia ulipokuwa mdogo. Utakaponisikia usiangalie chini, wala usimtume mtu aje kunipokea wimbo katikati. Ukiona nimekatika, niache, mpigaji atajaza nami nitarudi. Watu wa Mombasa wakitaka kunitunza, watunze.

Umeniambia bendi mtakodi huko. Zamani wimbo huu nilikuwa nauanzia kwenye noti ya la. Mwambie mpiga kinanda aushushe hadi mi, na afanye mazoezi ya hapo kabisa, asije akanibahatishia siku yenyewe. Akisema ni chini mno kwa mwanamke, mpe namba ya dada yako, nitazungumza naye mwenyewe.

Mchumba wako msalimie. Mwambie tangawizi yake ilikuwa tamu, na kwamba sikuwa na mafua.

Wako mama