Usilishangilie Jani Jeupe

Jani la kwanza jeupe tupu lilipochomoza kwenye monstera yangu, ule mmea wa nyumbani wa majani makubwa yaliyopasuka, ya kijani yenye mabaka meupe, nilipiga picha kumi na tatu. Nikazituma kwa dada yangu wa Chake Chake, kwa shoga zangu wa Dar es Salaam, hata kwa fundi wa friji ambaye hakuniuliza kitu. La pili likaja nalo jeupe, la tatu vile vile. Mti mzima ukawa kama umevaa kanzu ya Idi. Bibi yangu, ambaye kwake ua lisilonukia ni kazi bure, alipita na mkongojo wake, akasimama, akautazama. "Mjukuu wangu, huu mti una njaa," akasema. Nikacheka. Baada ya miezi minne nilikuwa naosha chungu kitupu.

Bibi alisema kweli, ingawa yeye anajua asumini na mrehani tu. Jani hupika chakula cha mti kwa klorofili, ile rangi ya kijani tuliyofundishwa skuli. Palipo peupe hakuna klorofili, basi hapapikwi kitu. Pale pa kijani ndipo panapopikia nyumba nzima. Mti wenye majani mawili ya mabaka ukitoa majani matatu meupe juu yake, umeongeza walaji na mpishi ni yule yule. Ndiyo maana mimea hii hukua polepole, na ndiyo maana ni ghali. Kile kipande changu kilichokuja na boti kutoka Dar, kimeviringishwa gazeti bichi, nilikilipia laki moja na nusu. Mume wangu hajui mpaka leo, na kama unamjua, nyamaza.

Upo na upande wa pili, chipukizi la kijani kitupu. Hilo linashiba, linakimbia, na ukiliacha litaumeza mti wote ubaki na monstera kama zile zinazopanda minazi kwenye bustani za mahoteli. Shina la mti huu lina seli za namna mbili zilizokaa pamoja, zenye kijani na zisizo nacho, na kila chipukizi hurithi za pale lilipoanzia. Kwa hiyo acha kulitazama jani, tazama shina. Ukiona mstari mweupe na wa kijani inapita sambamba karibu na jicho, pale panapochipukia, hapo pana matumaini. Shina likiwa jeupe upande wote, jicho lake litatoa jeupe. Majani mawili meupe tupu yakifuatana, kata, urudi nyuma hadi kwenye kifundo, yaani pale liliposhika shina jani la mwisho lililochanganya rangi. Inauma. Mimi nilichelewa kwa ajili ya picha.

Anayeanza ningemwambia atafute ile inayoitwa Thai Constellation, yenye vidoa vya rangi ya malai kama nyota. Hiyo ilizalishwa maabara na mabaka yake yametulia, haikuchezei shere kama ile nyeupe. Au aanze na pothosi, ule mmea wa kutambaa, wenye mabaka ya manjano, ambao hata mtoto wa darasa la pili hawezi kuuua.

Sasa jua, maana hapa ndipo wengi tunapopotezwa. Maelekezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao wanasema dirisha la kusini lina jua na la kaskazini lina kivuli. Kwao ni hivyo. Sisi wa Unguja tuko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, na kuanzia mwanzo wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la mchana hupita kaskazini yetu, yaani upande wa kibla. Hata kama huna dira, unajua unakoelekea ukisali. Mimi niliweka mmea kwenye dirisha la kibla kwa kuwa nilisoma kuwa kaskazini ni salama, ikawa Juni, na sehemu nyeupe zikageuka karatasi ya kahawia. Nyeupe ndiyo inayoungua kwanza, kijani kinafuata baadaye. Kuanzia Oktoba mambo hugeuka, dirisha la kusini ndilo linalopigwa. Mtu mwenye madirisha ya pande zote mbili ahamishe vyungu mara mbili kwa mwaka, kama tunavyohamisha vitanda joto la kaskazi likizidi.

Dirisha la mashariki ni zuri mwaka mzima, jua la asubuhi hadi saa tatu halina ubaya. La magharibi, hasa kwa wanaokaa Shangani wakiitazama bahari, weka pazia jepesi, maana jua la alasiri halina huruma.

Kuna jambo la nyumba zetu za Mji Mkongwe. Kuta nene za mawe na chokaa, vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Sisi tunaona chumba kina mwanga kwa sababu macho yetu yamezoea, lakini hatua mbili kutoka dirishani mmea uko gizani. Na mmea wa mabaka unahitaji mwanga mwingi kuliko ndugu yake wa kijani, kwa sababu ile ile ya jiko dogo. Kipimo changu ni mkono. Saa sita mchana nyoosha kiganja juu ya jani. Kivuli kikiwa na kingo kali kama kilichokatwa kwa mkasi, jua limezidi. Kisipoonekana kabisa, mmea utalala na njaa. Kikionekana kimefifia, kama kivuli cha mtu nyuma ya chandarua, uache hapo hapo. Yangu mingi sasa iko uwani, pale katikati ya nyumba, chini ya wavu wa kivuli niliofunga mwenyewe na unaolegea kila upepo ukivuma.

Udongo nao umenifundisha kwa fimbo. Monstera, filodendroni na pothosi wote ni ndugu wa majimbi. Lakini jimbi linapenda tope, na hawa wapandao miti hawalitaki; mizizi yao kwao msituni imeshika magome, inapumua. Ukiwapa udongo mwekundu wa shamba, masika ya kwanza wanaoza. Wenzetu wa mbali hununua unga wa makumbi umefungwa kwenye matofali makavu kutoka nchi za nje. Sisi makumbi ni yetu! Nikaenda vijijini kusini, kwa kina mama wanaotengeneza usumba, nikaomba zile chenga zinazodondoka wakipondaponda. Wakanijazia kiroba, wakanicheka, wakakataa pesa.

Wiki tatu baada ya kupandia, kingo za majani yote zikawa kahawia. Nikalaumu jua, nikalaumu maji, nikamlaumu na paka. Mpaka siku moja nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa pwani anakijua: makumbi yale hufukiwa ufukweni miezi mingi, maji ya bahari yakiingia na kutoka, ndipo yanapolainika. Nilikuwa nimepanda ndani ya chumvi. Basi usikatae makumbi, yaoshe. Yaloweke usiku mzima kwenye maji ya mvua, mwaga, rudia mara tatu au nne. Halafu onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ndiyo, onja. Yakiwa bado na chumvi, loweka tena.

Mchanganyiko wangu ni makumbi yaliyooshwa sehemu mbili, chenga za makaa sehemu moja, na samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, nusu ya sehemu. Huongeza vipande vidogo vya tofali la kuchoma pale ninapovipata. Usitie kokoto za mawe yetu ya matumbawe, zina chokaa na mimea hii hupenda uchachu kidogo. Chungu cha udongo kina faida masika, kwani kinakausha haraka, lakini kaskazi kitakufanya mtumwa wa ndoo. Mimi natumia vya plastiki vilivyotobolewa matundu mengi. Na nguzo ya kupandia, ile wanayoizungushia kuvumwani wenzetu, mimi nafunga kijiti kwa kamba ya usumba nene, nikiiloweka na kuisuuza kwanza kwa sababu umeshaijua.

Maji ni mafupi kueleza. Chimbua kidole mpaka kiungo cha pili, pakiwa pakavu mwagilia mpaka yatoke chini, pakiwa na unyevu nenda kafanye kazi nyingine. Maji ya visima vyetu yana chokaa, tazama birika lako ndani, na ya karibu na pwani yana chumvi juu yake. Masika nakinga mapipa mawili ya mvua, nayafunika kwa chandarua kwa ajili ya mbu. Kunyunyizia majani kila siku wanakosisitiza mitandaoni ni kwa wenye nyumba zenye vipasha joto. Hewa yetu yenyewe imelowa. Aliye upande wa Paje na Jambiani unaopata kusi moja kwa moja ndiye afute majani kwa kitambaa na maji ya mvua, kwa sababu ya chumvi inayorushwa na upepo.

Kuotesha kipande ni rahisi kuliko watu wanavyokitukuza. Kisu kifutwe spiriti, kata chini ya kifundo, acha kidonda kikauke nusu siku, tia kwenye glasi ya maji, badilisha maji kila baada ya siku tatu. Kwa joto letu mizizi huonekana ndani ya wiki tatu hivi. Mimi sikati masika yakiwa yamepamba, nimeozesha vipande vitatu. Na usikubali kuuziwa jani lenye kikonyo tu. Bila kifundo litakaa kijani mwaka mzima, pengine litaota hata mizizi, na halitatoa jani la pili abadani. Nilishawahi kulipia moja. Aliyeniuzia alinihakikishia "linachelewa tu."

Wauzaji wa mbegu za monstera nyeupe, za buluu, za upinde wa mvua, wapuuze. Mabaka haya hayapandwi kwa mbegu na yakatokea kwa uhakika. Kuna na filodendroni ya majani ya waridi inayoitwa Pink Congo. Waridi ile ni ya dawa, ikiisha nguvu baada ya miezi majani yanayofuata yanakuja ya kijani. Ya kweli ni Pink Princess, mabaka yake yamo kwenye shina. Vivyo hivyo mkonge wa mapambo, ule uitwao sansevieria, wenye kingo za manjano: ukiotesha kipande cha jani lake, mtoto huja bila manjano. Lazima uugawanye mmea wenyewe kwa mizizi.

Na kuna moja inayonichekesha. Zamiokulka, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, asili yake ni huku kwetu, Afrika Mashariki kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na sasa unauzwa duniani kwa jina la kito cha Zanzibar. Tunaununua unarudi kwa boti na chungu cha plastiki. Wenye mabaka ya manjano ni ghali zaidi, lakini hauna usumbufu: mwagilia mara mbili kwa mwezi, usahau.

Wadudu nitawataja wawili. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, wanajificha vizuri mno juu ya jani jeupe, kwa hiyo pitisha kidole nyuma ya majani kila Ijumaa. Ukiona sisimizi wanapanda chungu kwa safu, fuata safu, utawakuta. Utitiri huja kaskazi hewa ikikauka, jani huwa kama limenyunyiziwa vumbi. Wote nawaosha kwa maji ya sabuni kidogo, kisha mafuta ya mwarobaini jioni, kamwe si mchana juani. Na kwa vile mimea hii ni ndugu wa majimbi, utomvu wake unawasha kama unapomenya jimbi bichi, na ukiingia mdomoni unavimbisha ulimi. Weka mbali na watoto wadogo. Paka wa Mji Mkongwe hawasikii la mtu, basi vyungu vyako viwe juu.

Nilisahau kusema kuwa kabla ya ile monstera kufa nilikuwa nimempelekea dada yangu Chake kipande cha chini, kile chenye kijani kingi, ambacho nilikiona hakina thamani. Yeye alikichomeka chini ya mfenesi akaendelea na shughuli zake. Mwezi uliopita alishuka bandarini na kipande chake amekishika kama mtoto, majani manne, kila moja na michirizi yake myeupe, na mizizi ya hewani mirefu kama kidole. Nimekipanda. Bibi amekisogeza mwenyewe karibu na mrehani wake, anasema walau kipate harufu.