Mishale ya alethiomita
Alethiomita ni chombo cha kubuni kinachojibu maswali kwa ukweli. Mishale yake ni minne, si mitatu kama mtu anavyoweza kudhani: mitatu huelekezwa na msomaji mwenyewe kwa kuzungusha vifundo vya pembeni ili kuunda swali, na wa nne, ulio mwembamba na mrefu zaidi, hujiendea wenyewe juu ya picha 36 zilizozunguka uso wa chombo mpaka jibu likamilike. Ndivyo Philip Pullman anavyokieleza katika Northern Lights, riwaya ya mwaka 1995. Ila kuuona mshale ukisimama hakutoshi, kwa kuwa kila picha ina ngazi nyingi za maana. Nanga, kwa mfano, huanza na tumaini, kisha uthabiti. Wataalamu hulazimika kupekua vitabu, ilhali Lyra, mhusika mkuu wa riwaya hiyo na mtoto tu, huzisoma bila msaada wowote.