Mkondo wa sauti unapogoma: maswali ya wasomaji

Wengi walioandika safari hii wamekwama pamoja na PortAudio, ile laibrari ya C iliyoanzishwa na Ross Bencina na Phil Burk, ambayo Audacity, programu ya kuhariri sauti, hurekodi na kucheza kupitia kwake. Kabla ya maswali, neno moja. Kufungua mkondo, yaani njia ya sauti kati ya programu yako na kifaa, ni kuomba: unataja kifaa, idadi ya chaneli (njia za sauti, kama kushoto na kulia) na kasi ya sampuli (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde), nacho kifaa kinakubali au kinakataa. Kikishakubali na mkondo ukaanza, kinakwenda kwa saa yake na hakikusubiri. Karibu kila tatizo lililonifikia limeangukia upande mmoja wa mambo hayo mawili.

Shikamoo fundi. Nimeita Pa_OpenDefaultStream nikiomba chaneli 2 za kuingiza na 2 za kutoa, nikajibiwa -9998. Kadi ya sauti imekufa? (Morogoro)

Marahaba. Kadi ni nzima. Namba hiyo ni paInvalidChannelCount, maana yake umeomba chaneli ambazo kifaa hakina. Maiki nyingi za hedifoni za USB zina chaneli 1 tu. Weka 1 kwenye kuingiza na uache 2 kwenye kutoa. Hakuna sheria inayotaka zilingane. Siku nyingine usikisie, kiulize kifaa chenyewe: Pa_GetDeviceInfo inakupa maxInputChannels na maxOutputChannels. Na Pa_GetErrorText itakusomea kosa kwa maneno, usihangaike kukariri namba.

Mkondo umefunguka bila kosa lolote, lakini kimya kabisa. (Mombasa)

Umeuanzisha? Pa_OpenStream huandaa tu. Sauti haipiti mpaka uite Pa_StartStream. Nimeona watu wazima wakipoteza asubuhi nzima hapo.

Kama umeuanzisha na unatumia Mac, angalia ruhusa. Tangu macOS 10.14 ya mwaka 2018, programu isiyoruhusiwa kutumia maiki inaweza kuachiwa ifungue mkondo kwa amani, kisha ikalishwa sufuri tupu. Ukiendesha kodi yako kutoka kwenye terminal, ruhusa inayotakiwa ni ya terminal, si ya faili lako. Chapisha sampuli mia chache za kwanza uzitazame. Maiki iliyo hai, hata chumba kikiwa kimya, kwa kawaida huleta vumbi la namba ndogo ndogo. Sufuri kamili mfululizo ni dalili kwamba kuna aliyefunga mlango.

Kwenye Windows maiki yangu ni moja, lakini orodha inaionyesha mara nne, na jina moja limekatwa katikati. Nichague ipi? (Arusha)

Maiki ni moja, milango ya kuifikia ndiyo minne: MME, DirectSound, WASAPI na WDM-KS. PortAudio huorodhesha kifaa upya kwa kila mlango. Jina lililokatwa ni la MME, kwa sababu mlango huo wa kizamani hauvuki herufi 31.

Mimi huanza na WASAPI, maana ucheleweshaji wake ni mdogo kuliko wa MME. Ila mlango huo una masharti. Ukiutumia kwa kushirikiana na programu nyingine, ambayo ndiyo hali yake ya kawaida, unataka kasi ya sampuli ile ile iliyowekwa kwenye mipangilio ya sauti ya Windows. Pale pameandikwa 48000 nawe unaomba 44100? Utapata -9997, paInvalidSampleRate. Ama soma defaultSampleRate ya kifaa uitumie hiyo, ama washa paWinWasapiAutoConvert ili Windows yenyewe ibadilishe.

Tena usichanganye milango. Maiki ya WASAPI pamoja na spika ya MME kwenye mkondo mmoja hukataliwa. Wala usihifadhi namba ya kifaa kwenye faili la mipangilio, kwani ukichomoa waya na kuuchomeka tena namba hubadilika. Hifadhi jina la kifaa na jina la mlango. Na kifaa kilichochomekwa baada ya Pa_Initialize hakitaonekana kwenye orodha mpaka uite Pa_Terminate na kuanza upya.

Sauti inatoka lakini inapasuka pasuka kama bisi kwenye sufuria. Kolibeki yangu inapokea sauti, inaiandika kwenye faili la WAV na kuchapisha kiwango chake kwenye skrini. (Kisumu)

Umejijibu mwenyewe ndugu yangu. Tupige hesabu. Kwa bafa (chombo cha kushikilia sauti kwa muda) ya fremu 256, fremu ikiwa sampuli moja ya kila chaneli, na kasi ya 44100, kolibeki yako, yaani ile fankisheni ambayo PortAudio huiita kila bafa inapokuwa tayari, ina milisekunde 5.8 kumaliza kila kitu. Ni kama kukinga ndoo kwenye bomba lisilofungwa: ndoo ikijaa, nyingine iwe tayari chini yake, la sivyo maji yanamwagika. Sasa wewe katikati ya kukinga umekwenda kuandika daftari. Diski siku ikiwa nzuri itakujibu upesi. Siku ikijisikia itakuweka milisekunde 20, na hapo bafa tatu zimeshapotea.

Ndani ya kolibeki usifungue wala kuandika faili, usichapishe, usiombe kumbukumbu kwa malloc, usisubiri kufuli lililoshikwa na uzi mwingine (thread, yaani sehemu ya programu inayokwenda sambamba na nyingine). Shida ya vitu hivyo si kwamba ni vya polepole. Mara mia tisa vitakwenda haraka, mara moja vitachelewa, na sikio litaisikia hiyo moja.

Kazi ya kolibeki iwe kunakili sampuli na kuondoka. Nakili kwenye bafa ya mviringo (ndani ya kodi asilia ya PortAudio imo tayari, itafute kwa jina pa_ringbuffer), halafu uzi mwingine, ambao hakuna anayeuharakisha, usome kutoka humo na kuandika WAV. Kama hujali ucheleweshaji, ongeza bafa iwe fremu 1024 upate kama milisekunde 23 za kupumua. Hiyo peke yake itapunguza bisi, haitaziondoa.

Niliwahi kusahau printf moja tu ndani ya kolibeki. Jioni nzima nikalaumu waya, nikanunua mpya.

Na kama mkondo wako una upande wa kutoa, ijaze bafa ya kutoa kila unapoitwa, hata kama ni kwa sufuri. Ukiiacha, spika inaweza kupokea takataka iliyokuwa humo.

PyAudio (PortAudio kwa lugha ya Python) inaanguka baada ya muda: -9981, Input overflowed. Mtandaoni wanasema niweke exception_on_overflow=False. (Nakuru)

Ukiweka hivyo programu haitaanguka tena, lakini sauti iliyomwagika imemwagika, na utaikuta kama pengo kwenye rekodi. Kosa hilo linasema umechelewa kuita read. Acha uzi mmoja usome tu na kusukuma data kwenye foleni. Uchambuzi ufanywe na mwingine.

Tunarekodi kwaya kwa maiki ya USB huku muziki wa kuongozea ukichezwa na kadi ya laptopu. Mwanzoni vinakwenda pamoja, baada ya saa moja waimbaji wamepishana na kinanda. Waimbaji wanakana kosa! (Kigoma)

Waombe radhi. Kila kifaa kina fuwele yake ya kupimia muda, na 48000 ya kimoja si 48000 kamili ya kingine. Vikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, ni sampuli 2.4 kila sekunde. Kwa saa moja ni sampuli 8640, karibu sekunde 0.18, na hiyo sikio la mwanakwaya linaijua. Tumia kifaa kimoja chenye tundu la maiki na la hedifoni, ili kuingia na kutoka kufuate saa moja.

Nikirudisha maiki moja kwa moja kwenye spika, inapiga mluzi. (Bukoba)

Maiki inasikia spika, spika inasema ilichosikia maiki. Vaa hedifoni.

Nilirekodi hadithi za bibi kwa 16000. Nikizicheza, bibi anaongea kama cherehani! (Maskati)

Faili ni la 16000, mkondo wa kucheza umeufungua kwa 48000, kwa hiyo bibi anakwenda mara tatu. Soma kasi kutoka kichwa cha WAV na ufungue mkondo kwa hiyo. Kifaa kikiikataa, badilisha sampuli kwanza. Kwa maongezi 16000 inatosha, na mifumo ya kutambua usemi kama Whisper hufanya kazi kwa kasi hiyo hiyo. Lakini sauti ya bibi hairekodiwi mara mbili: chukua 48000, nakala ndogo utaitengeneza baadaye.

Umeuliza pia 44100 imetoka wapi. Sauti ya kidijitali ya mwanzo ilihifadhiwa kwenye kanda za video: sampuli 3 kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Kwa video za Ulaya, mistari 294 mara 50. Zidisha uone.

Pa_StopStream na Pa_AbortStream zina tofauti? (Dodoma)

Ya kwanza husubiri sauti iliyobaki kwenye bafa imalizike kuchezwa, ya pili hukata hapo hapo. Kisha Pa_CloseStream, na mwisho kabisa Pa_Terminate.